Acheni Pumzi Isikike

Mhadhara uliotolewa mjini Iringa, Jumamosi jioni, katika ukumbi wa kanisa, mbele ya walimu wa kwaya, wanafunzi na wapenzi wa muziki wa klasiki

Kamwene!

Asanteni. Wazee wangu, walimu wenzangu wa kwaya, na ninyi vijana wa chuo mliojibana huko nyuma. Kuimba ni kupokezana. Mwezi uliopita mwenzetu alitusikilizisha Mozart wake, leo zamu ni yangu. Niliombwa nije na rekodi ninazozipenda, niseme na kwa nini nazipenda. Jana usiku nilipozipanga mezani niligundua kwamba zote zina kitu kimoja: ndani yake unamsikia mtu akipumua.

Nianze na kisa cha kwaya yetu. Miaka kadhaa iliyopita tulichangishana, tukaenda kurekodi kwenye studio moja. Tulikuwa waimbaji 32, na wimbo wetu mkubwa ulikuwa ule wa Ijumaa Kuu mnaoujua nyote, wa kichwa kilichojaa majeraha na taji ya miiba. Sauti nne, bila kinanda. Tuliufanyia mazoezi Kwaresima nzima. Siku ya kurekodi uliimbwa vizuri kuliko tulivyowahi kuuimba, nami nilitoka mle ndani natetemeka magoti.

Baada ya wiki mbili tukaletewa kazi. Fundi alikuwa ameondoa pumzi zote. Mwisho wa kila mstari, pale ambapo kwaya nzima huvuta hewa kwa pamoja, palikuwa kimya kabisa, kama mtu amefunika sufuria. Akatuambia kwa furaha kwamba ametusafishia. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kitambaa chake mapajani, akasema, "Mwalimu, hawa si sisi."

Sikuweza kumjibu siku ile. Nimekuwa nikilitafuta jibu hilo kwenye rekodi za watu wengine, na kwa sehemu kubwa nimelipata.

Pumzi ya kwaya humtangulizia msikilizaji habari. Kwaya ikivuta hewa fupi na kali, unajua mstari unaokuja ni wa haraka. Ikivuta polepole, kifua kinafunguka, na mwili wako wewe uliyekaa kwenye benchi unajiandaa kabla sauti haijatoka. Ukiikata, nota zote zinabaki mahali pake, lakini kila mstari unamjia msikilizaji ghafla, kama mtu aliyeingia ndani bila kupiga hodi.

Sasa tuukamate wimbo huohuo wa Ijumaa Kuu. Sauti yake haikuanzia kanisani. Mtunzi Mjerumani Hans Leo Hassler aliichapisha mwaka 1601 kwa maneno ya mapenzi, ya kijana aliyechanganyikiwa kwa ajili ya msichana. Baadaye ikavishwa maneno ya mateso ya Bwana, na mtunzi Johann Sebastian Bach akaichukua akaiweka mara tano ndani ya kazi yake kubwa ya Mateso kwa kadiri ya Mathayo, iliyoimbwa kwanza Leipzig mwaka 1727. Mara tano, na isipokuwa mara ya pili, inayoirudia ya kwanza kwa kuishusha nusu toni, kila mara sauti tatu za chini zimepangwa upya. Walimu wa kwaya, hili mlishike. Soprano haibadiliki sana. Kazi inafanywa na alto, tenor na besi. Mara ya mwisho, mara tu baada ya Yesu kukata roho, besi na tenor zinapita njia zenye giza kiasi kwamba wimbo uliouzoea tangu Shule ya Jumapili unakuwa mgeni masikioni mwako.

Ninazo rekodi mbili za kazi hii. Ya kwanza ni ya mwongozaji Otto Klemperer na okestra ya Philharmonia ya London, iliyokamilika mwaka 1961. Ya pili ni ya mwongozaji John Eliot Gardiner na kwaya yake, Monteverdi Choir, ya mwaka 1988. Sikilizeni kwaya ya ufunguzi tu. Kwa Klemperer inachukua karibu dakika 12. Kwa Gardiner ni kama dakika 7. Nota ni zilezile, kurasa ni zilezile. Klemperer anakupeleka kwenye maziko: watu wengi, miguu mizito, hakuna anayeharakisha kufika kaburini. Gardiner ana kwaya ndogo na vyombo vilivyotengenezwa kama vile vya wakati wa Bach, naye anakumbuka kwamba mdundo ule unatembea kwa tatutatu, karibu na ngoma. Kwake watu wanaitana barabarani: njooni, mwoneni! Nani? Wapi?

Niliulizwa hapa ipi ni sahihi. Mimi kwa masikio yangu namfuata Gardiner katika kwaya ya ufunguzi, kwa sababu maneno yanasikika na maulizo yale yanakuwa maulizo kweli. Lakini inapofika nyimbo zile za kanisa, za sauti nne, narudi kwa Klemperer. Kila mwisho wa mstari anaiacha kwaya isimame, ivute hewa, ndipo iendelee. Unasikia pumzi ya watu wengi kwa mara moja. Ndiyo ile tuliyokatiwa sisi.

Ngoja niende kwa mpiga piano, maana kuna anayejiuliza piano ina pumzi gani. Glenn Gould, Mkanada. Juni 1955, akiwa na miaka 22, aliingia studio ya 30th Street mjini New York, ambayo zamani ilikuwa kanisa, akarekodi Goldberg Variations za Bach: wimbo mmoja mpole, kisha mageuzi 30 yaliyojengwa juu ya besi yake, kisha wimbo uleule unarudi. Alimaliza kwa dakika 38 na kitu. Mwaka 1964 aliacha kabisa kupiga mbele ya watu, akabaki na studio. Mwaka 1981 alirudi jengo lilelile, kazi ileile, na safari hii ikamchukua dakika 51. Wimbo wa mwanzo peke yake, ambao ujanani aliumaliza chini ya dakika 2, sasa ulikwenda dakika 3. Rekodi ilipotoka mwaka uliofuata, baada ya wiki chache tu alifariki, akiwa na umri wa miaka 50.

Katika zote mbili Gould anaguna. Anaimba kwa ndani huku vidole vinakwenda, sauti ya chini isiyo na maneno, kama mama anayesaga huku amembeba mtoto. Alikuwa pia na kiti chake cha kukunja ambacho baba yake alikikata miguu ili akae chini sana, na alikibeba kila mahali mpaka kikachakaa na kulia. Mafundi walihangaika sana na mguno ule na kiti kile. Namshukuru Mungu hawakufaulu kuviondoa. Sikilizeni mguno wa mwaka 1981 kwenye wimbo wa mwanzo: hauendi pamoja na kidole cha juu, mara nyingi unafuata sauti ya kati, ile ambayo wengi wetu hatukuisikia. Mwenyewe anakuonyesha pa kusikiliza. Nilifundishwa alto inakaa wapi na mtu aliyekuwa haimbi alto.

Nina rekodi nyingine niliyoipenda kwanza kwa sababu ya fundi wa selo, ile fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti, na baadaye kwa sababu ya treni. Jacqueline du Pré alikuwa na miaka 20 mwaka 1965 alipopiga konchato ya selo, yaani kazi ya selo na okestra, ya mtunzi Mwingereza Elgar, pamoja na London Symphony Orchestra, mwongozaji John Barbirolli. Anaanza peke yake, upinde umeshuka kwenye nyuzi kwa uzito wote wa bega, kama mtu anayesukuma mlango wa mti mkubwa. Miaka michache tu baadaye ugonjwa wa neva ukamnyang'anya vidole. Mwaka 1973 alikuwa hawezi tena kupiga. Walirekodi Kingsway Hall, London, ukumbi wa Wamethodisti. Ulipendwa na makampuni ya santuri kwa jinsi sauti ilivyozunguka mle ndani, ila chini yake palipita reli ya treni za ardhini, na mngurumo wake umeingia katika rekodi nyingi zilizofanyika pale. Nasi hapa tukitulia usiku tunayasikia malori ya Zambia kule Ipogoro yakibadilisha gia. Nimekwisha sikia walimu wakisema hatuwezi kurekodi Iringa kwa sababu ya malori. London walirekodi juu ya treni.

Niseme jambo kuhusu majengo, kwa kuwa limenijia. Studio ile ya New York ilikuwa kanisa. Kingsway ilikuwa nyumba ya ibada. Sisi tuna makanisa ya matofali yenye dari ndefu, toka Tosamaganga mpaka kule kwetu Rungwe walikofika Wamoravian mwaka 1891, lakini tunaondoka humo kwenda kurekodi kwenye kachumba kalikobandikwa magodoro ukutani. Chumba kile kinaua mlio wa kwaya, halafu fundi anaurudisha kwa mashine. Mimi nimekulia kwenye tarumbeta za Moravian. Alfajiri ya Pasaka tulisimama makaburini, baridi ya Tukuyu imeshika midomo, ukungu mpaka kiunoni, na kabla ya nota ya kwanza ulisikia watu wanane wakivuta hewa kupitia midomo ya shaba. Hewa ile ndiyo ilikuwa inatuambia Pasaka imeingia.

Vijana mnaosikiliza kwa simu: spika ya simu haiwezi kutoa besi. Mkisikia Bach kwa spika ya simu mmesikia soprano na kelele. Tafuteni hata spika za masikioni za bei ya kawaida. Na kama bando ni tatizo, njooni na memori kadi, tugawane.

Nimeleta pia kitu cha hapa nyumbani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alizunguka Tanganyika na mitambo yake ya kunasa sauti, na miongoni mwa alivyovinasa ni ligombo la Wahehe. Wazee hapa mnalijua: ubao uliochongwa ukawa kama hori, na uzi umepitishwa juu yake kwenda na kurudi. Mpigaji anaimba huku anakwangua, na kati ya ubeti na ubeti unasikia akimeza mate, anasogea, anavuta hewa, anaingia tena. Hakuna aliyemsafisha. Nikiiweka baada ya Gould sioni kama nimehama nyumba. Kama kuna mzee hapa ambaye bado ana ligombo ndani, hata kama nyuzi zimekatika, namwomba tuonane kabla hatujatawanyika.

Ya mwisho ndiyo tutakayoisikiliza pamoja. Mtunzi wake, Gustav Mahler, hakuwahi kuisikia. Alifariki Mei 1911, na mwongozaji Bruno Walter, aliyewahi kuwa msaidizi wake, akaiongoza kwa mara ya kwanza mjini Munich mwezi Novemba mwaka huohuo. Inaitwa Das Lied von der Erde, wimbo wa dunia. Mwaka 1952 Walter, sasa mzee, aliirekodi Vienna, na mwimbaji wa alto alikuwa Mwingereza Kathleen Ferrier, ambaye tayari alikuwa anaumwa saratani. Alifariki Oktoba 1953. Neno la mwisho la kazi nzima ni "milele", linarudiwa tena na tena, kila mara dogo zaidi. Miaka mitano kabla, alipoimba na Walter Edinburgh, machozi yalimkaba, la mwisho likamshinda. Hapa Vienna analimaliza. Kila kati ya "milele" na "milele" mnapata nafasi ya kumsikia, na okestra imeshuka mpaka karibu haipo.

Kijana wa mitambo, zima hiyo feni. Funga mlango wa nyuma, lakini dirisha liache. Na lori likipita, liacheni lipite.