Mwachieni Mtoto Ufunguo wa Stoo

(Mhadhara wa kiongozi wa skauti wa kujitolea mbele ya wazazi na walimu, Tabora)

Mwenyekiti, viongozi wetu wa dini, walimu, wazazi wenzangu. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu habari za mchana.

Nimepewa mada, "Maadili na maisha ya skauti", na nimepewa dakika arobaini. Wanaonifahamu wanajua tayari nitasema nini, maana nimelisema kwenye vikao vya shule, nimelisema misibani, nalisema hata kijiweni kwangu mteja akisubiri nimzibie pancha. Nitalisema tena kwa sababu bado halijafanyika. Watoto wa skauti hawakuandikishwa ili wawe wa kuvisha wageni skafu.

Mnajua ninachozungumza. Mgeni anakuja, simu inapigwa shuleni jioni: "Tunataka skauti ishirini, wawe na sare safi." Hakuna anayeuliza kama wanajua kumfunga bandeji mtu aliyeumia. Sare safi, basi. Asubuhi saa mbili watoto wamepangwa kando ya barabara. Mgeni wa saa nne anafika saa saba mchana, na jua la Oktoba la hapa kwetu hamhitaji kuelezwa. Mtoto mmoja, yule mwenye soksi nzima, anasogea, anavisha skafu, anapiga saluti, picha inapigwa, msafara unaondoka na vumbi lake. Wale kumi na tisa waliobaki wanarudi nyumbani kwa miguu, hawajapewa hata maji ya kunywa. Halafu mwisho wa mwaka mtu anasimama kwenye risala anasema vijana wetu wamelelewa katika maadili ya skauti. Maadili gani? Siku ile walijifunza kusimama.

Sipingi kumheshimu mgeni. Mgeni apokewe, Mwenge upokewe, skafu ivishwe. Lakini hiyo ni kazi ya robo saa. Mimi nauliza habari za mwaka wote uliobaki.

Hebu niulize. Kanuni ya kwanza ya skauti ni ipi? Nyanyueni mikono. Nasikia pale nyuma "utii". Mama naye anasema utii. Kila ninakokwenda napewa jibu hilo hilo. Kanuni ya kwanza ni uaminifu: heshima ya skauti ni kuaminiwa. Utii upo, tena ni jambo zito, lakini ni wa saba. Baden-Powell, Mwingereza aliyeanzisha skauti, alipoziandika kanuni hizi mwaka 1908 zilikuwa tisa. Ya kumi, ile ya usafi wa fikra, maneno na matendo, iliongezwa baadaye. Muda wote huo uaminifu umekaa mwanzo wa orodha, hakuna aliyeusogeza. Sisi huku tumeigeuza orodha juu chini. Tunamkazania mtoto utii kwanza, huo uaminifu tunangoja uje wenyewe akishakuwa mtu mzima na amepewa ofisi. Na hauji.

Tena uaminifu haufundishwi kwa nyimbo. Mtoto anaweza kuisema ahadi ya skauti bila kukosea neno, vidole vitatu juu, na ukawa hujui lolote juu yake. Utamjua siku utakapomkabidhi kitu chenye thamani, ukageuka ukaenda zako.

Nitawapa mfano wa stoo. Waliokwisha kuusikia wanivumilie, wapo wengine leo ni mara yao ya kwanza.

Tulikuwa kambini kule upande wa bwawa la Igombe, vikosi vinne, watoto wanane kila kikosi. Chakula chote kilikuwa kwenye tranka mbili za bati zenye kufuli. Ufunguo alikuwa nao binti wa miaka kumi na tatu. Sikuwa nao mimi, wala mwalimu tuliyefuatana naye. Ufunguo ulikuwa mmoja, ameufunga kwenye kamba ameuvaa shingoni, hata kulala analala nao. Alikuwa na kaunta buku aliyoipiga mistari mwenyewe kwa rula: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, nani amechukua. Sukari alikuwa anaipima kwa kikombe cha plastiki. Amekwaruza alama kwa msumari upande wa nje, na akishajaza anapitisha kijiti juu kusawazisha, ile iliyozidi inarudi kwenye mfuko. Punje kwa punje. Mimi nilikuwa nakaa mbali naangalia tu.

Jioni ya siku ya tatu akaja mzee mmoja, mtu wa kamati, ana wenzake wawili. Watu wa kuheshimiwa. Wakakaribishwa chini ya mti, chai ikaja. Mzee akaonja, akasema, "Hii haina sukari. Binti, lete sukari."

Yule binti akaja na kaunta buku lake. Akapiga goti kama anavyofundishwa mtoto wa kike huku kwetu. "Shikamoo babu." "Marahaba, sukari iko wapi?" Akasema: "Babu, sukari iliyobaki ni ya uji wa kesho, nimeshaipima. Ila ipo asali, ameleta mzazi, haijapangiwa kitu. Nikuletee asali?"

Mzee akanitazama mimi. Mnajua jicho lile, jicho la "mtu mzima mwenzangu, sema na mtoto wako". Sikusema kitu. Binti akafungua ukurasa, akamwekea kidole kwenye mstari: sukari, kikombe kimoja kila kikosi, vikombe vinne, kesho asubuhi. Mzee akasimama. Chai hakuinywa, na kwenye kikao kilichofuata akasema skauti inawafundisha watoto kiburi.

Kesho yake asubuhi watoto thelathini na wawili walikunywa uji wenye sukari. Yule binti aliugawa, akaandika "0" kwenye safu ya kilichobaki, akapiga mstari chini.

Sasa najua mnachotaka kusema, maana nimekwisha kuambiwa. "Si angetoa tu vijiko vitatu, mkubwa akaondoka ameridhika?" Wazazi wangu, vijiko vitatu hivyo ndivyo ninavyovizungumzia. Hivyo hivyo! Dawa za zahanati huwa zinatokaje? Saruji ya darasa huwa inapungukaje mpaka ukuta unaishia kwenye lenta? Mtu mkubwa kasema "kidogo tu", na mwenye ufunguo, mtu mzima mwenye vyeti, kasema "ndiyo mzee". Tangu utotoni amelelewa kusema ndiyo mzee. Hakuna siku hata moja aliyokabidhiwa kitu cha watu wengine akaambiwa akilinde hata dhidi ya mkubwa. Halafu tunashangaa tukisoma ripoti za ukaguzi.

Na adabu je? Niambieni, adabu ipi ilikosekana pale? Alisalimia, alipiga goti, alieleza sababu, alitoa mbadala, tena asali ya Tabora ambayo watu wanaisafirisha mpaka Dar es Salaam. Hakupandisha sauti. Alichokosa kufanya ni kuiba uji wa wenzake.

Mwingine ataniambia, "Huyo ni mtoto wa pekee, wangu hawezi." Hakuna cha upekee. Yule alianza na kiberiti. Kiberiti kimoja cha kikosi: usikiache kwenye umande, usikipoteze, ukikipoteza mtakula baridi. Baadaye akapewa visu vitatu, kila jioni anavihesabu. Baadaye chakula cha kikosi chake kwa siku moja. Stoo ilikuja mwisho. Hii si busara niliyoibuni mimi. Agosti 1907 Baden-Powell alipowapeleka wavulana kwenye kisiwa cha Brownsea kule Uingereza, aliwachanganya watoto wa matajiri na watoto wa wafanyakazi, akawagawa vikosi vinne, Mbwa-mwitu, Kunguru, Fahali na ndege mmoja wa ufukweni, na kila kikosi akakipa kiongozi mvulana mwenzao. Kazi ikawa ya vikosi. Hilo la vikosi ndilo uti wa mgongo wa skauti duniani kote, na ndilo la kwanza kufa likifika shuleni kwetu, kwa sababu mwalimu anataka skauti wote sitini kwenye mstari mmoja wanamtazama yeye.

Na Brownsea nayo haikuanzia hewani. Kabla yake kulikuwa na Mafeking, Afrika Kusini, kati ya 1899 na 1900. Mji umezingirwa na Makaburu, watu wazima hawatoshi, wavulana wakapewa kazi ya kupeleka barua na ujumbe. Kwa baiskeli! Mimi fundi baiskeli, mkinisikia nalirudia hili mnisamehe. Baden-Powell alikuwa ofisa wa jeshi la wakoloni, hilo halifichiki na sina sababu ya kulificha. Lakini alichokiona pale ni kitu ambacho babu zetu hawakuhitaji kuonyeshwa na mtu: kijana ukimpa dhamana ya kweli, anainuka kufikia dhamana hiyo.

Maana lipo pingamizi la "hayo ni mambo ya wazungu". Huku Usukumani na Unyamwezini vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale. Ndiye aliyewaitisha vijana kwenda kulima shamba la mtu, kazi ya pamoja. Kijana akiongoza vijana. Tumeliacha lenyewe, halafu tunakataa na la kufanana nalo.

Na wa Tabora ndio wa mwisho kuniambia skauti ni ngeni. Mwaka 1937 kijana mmoja kutoka Butiama aliingia Shule ya Tabora, pale pale mnapopita kila siku. Alikisoma kitabu cha Baden-Powell, akasaidia kuanzisha kundi la skauti shuleni. Ni Julius Nyerere. Walimu wake wakampendekeza awe kiranja mkuu, mkuu wa shule akakataa, akisema ni mpole mno kwa kazi hiyo. Mpole mno! Watu walitaka kiranja wa kuogopwa. Mnaona ugonjwa huu ulivyo wa siku nyingi? Kila nikipita mbele ya geti lile nalikumbuka hilo, na nikiingia shule yoyote nikaona kiranja ameshika fimbo nalikumbuka tena.

Niseme na la mkono wa kushoto, kwa sababu sheikh amenitazama nilipoingia nikisalimiana na vijana. Skauti kwa skauti tunapeana mkono wa kushoto. Simulizi tunayorithishana ni ya wapiganaji wa Ashanti, Ghana ya leo: mkono wa kushoto hushika ngao, na ukimpa mtu mkono huo maana yake umeiweka ngao chini, umemwamini. Mnaona? Uaminifu tena, mpaka kwenye salamu. Lakini watoto wangu wanajua mpaka wake. Mzee, jirani, mzazi, hao wanapewa wa kulia. Sijamtuma mtoto amdharau bibi yake kwa jina la skauti, na kama yupo aliyefanya hivyo aniletee nizungumze naye.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naomba dakika chache, nitakwenda mbio.

Usalama. Kumwachia mtoto dhamana si kumtelekeza. Kambini watu wazima tupo, tunaona, tunahesabu watoto usiku. Wasichana wana kiongozi wao mwanamke na mahema yao, na bila huyo mwanamke kambi haiendi, hata kama watoto wameshapanga mabegi. Bwawani hakuna anayeingia majini bila ruhusa. Hapo ndipo kanuni ya saba inafanya kazi yake, na hapo sina mjadala na mtoto.

Miti. Tunaitwa kwenye kampeni, miche inapandwa, picha zinapigwa, ikifika Agosti yote imekauka. Mimi nataka mtoto mmoja mche mmoja, aumwagilie kiangazi chote, na jina lake liandikwe kwenye daftari. Nihesabiwe miti iliyo hai.

Simu, nilikuwa na mengi, naliacha.

La malipo nalo naulizwa kila wiki: "Fundi, skauti wanakulipa shilingi ngapi?" Hawanilipi. Jumamosi kijiwe nafunga saa sita, wateja wangu wamezoea. Ukiniuliza napata nini, nitakupeleka ukamwone yule binti wa stoo akihesabu vitu. Sasa yuko sekondari na darasa lake limempa kushika michango yao, bila mimi kumwambia mtu neno.

Ninachoomba kwenu ni kidogo na kinafanyika wiki hii. Walimu, kila kikosi kipewe chumba kimoja au bustani moja ya shule, kiwe chao kwa muhula mzima, na mkaguzi awe mtoto. Mgeni akija, skauti waitwe nusu saa kabla, na maji yawepo. Wazazi, mwezi huu mpeni mtoto fedha ya sokoni ya nyumba nzima kwa siku moja, anunue, arudishe chenji na hesabu iliyoandikwa. Akikosea hesabu, kaeni naye muipitie. Fimbo iacheni.

Na kambi ijayo ikifika, msinipigie simu kuniuliza watoto wamekula nini. Nitawapa namba ya mwalimu, naye atampa simu mwenye ufunguo. Mwulizeni yeye.

Nashukuru. Mwenyekiti, maswali.