Pazia la Bibi Aisha na Hukumu ya Picha

Assalamu alaykum. Ndugu zangu, suala la picha, kama ni halali au haramu, watu hupenda kulianzia kwenye simu. Mimi nitalianzia kwenye pazia.

Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alitundika nyumbani pazia lenye picha. Mtume, rehma na amani zimshukie, akarudi safari, akaliona, akalirarua. Akasema watakaoadhibiwa vikali zaidi Siku ya Kiyama ni wanaoiga uumbaji wa Allah. Wasimuliaji wengi huishia hapo. Lakini Bibi Aisha mwenyewe anaendelea: tukalifanya mto, au mito miwili. Kitambaa kile kile! Kilichoinuliwa ukutani kikawa cha kuegemewa.

Je, picha zilikatika kiliporaruliwa, au zilibaki nzima kwenye mito hiyo? Wanazuoni wamebishana sana hapo. Imamu Nawawi, mwanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ameshika msimamo mkali: kuchora chenye roho, yaani mtu au mnyama, ni haramu, kiwe na kivuli au kisiwe nacho, kilichopo kwenye mto wa kukalia kinavumiliwa, ila aliyekichora hana udhuru. Wamaliki wengi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Malik, wanatofautisha: sanamu kamili yenye kivuli ni haramu, picha bapa kwenye nguo ni makuruhu tu, yaani haipendezi lakini si haramu. Miti haina shida. Mchoraji mmoja alimwendea Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, akilalamika kwamba hiyo ndiyo riziki yake, akaambiwa achore miti na visivyo na roho.

Na wanasesere je? Bibi Aisha alikuwa nao, na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za viraka. Mtume akauliza, "Farasi ana mbawa?" Akajibiwa, "Hukusikia kwamba Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa?" Akacheka mpaka magego yakaonekana. Kwa hadithi hii wengi wameruhusu vya watoto kuchezea.

Sasa kamera. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, alisema kamera haiumbi kitu, inanasa kivuli tu, kama kioo. Sheikh Ibn Baz, aliyekuwa Mufti wa Saudia, hakukubali. Kwake picha ni picha, isipokuwa ya dharura kama kitambulisho.

Mimi naelemea kwa al-Muti'i. Lakini picha kubwa ya marehemu babu, imewekewa fremu, imetundikwa upande wa kibla, nawe unaiinamia kila rakaa? Hiyo ishushe leo, uiweke kabatini.