Potifolio ya Kwanza ya Picha za Mitindo: Mtafute Fundi Kabla ya Modo

Haya, karibuni tena jamani. Leo tuko Bombo, kaskazini mwa Kampala, uani kwa fundi wangu Hajati, na hiyo cherehani mnayoisikia nyuma yangu haitazimwa, maana ana nguo ya mteja ya leo leo. Ameniambia, "Wewe endelea na mambo yako, mwanangu, mimi nina yangu." Basi tuvumiliane na kelele.

Mmeniandikia wengi: nina kamera, nataka picha za mitindo, potifolio yangu, yaani ule mkusanyiko wa picha za kuwaonyesha wateja, haina kitu, nianzie wapi? Najua mlikoanzia tayari. Mmeanza kumsaka modo. Tangu Mganda mwenzetu Aamito Lagum aliposhinda shindano la mamodo la Africa's Next Top Model, kila mwenye kamera Kampala anaamini kuna Aamito mwingine pale Wandegeya anasubiri teksi. Huenda yupo, sibishi. Lakini picha ya mitindo inauza nguo. Mwenye duka akifungua potifolio yako anatazama mshono, anatazama kitambaa kinavyoanguka, anatazama kama rangi ni ile aliyoilipia. Uso mzuri bila nguo ya maana hiyo ni picha ya wasifu ya WhatsApp. Kwa hiyo mtafute fundi kwanza.

Na fundi hapatikani kwa shida. Pita Kiyembe, mtaa wa vitambaa na mafundi pale mjini Kampala, angalia picha wanazowaonyesha wateja: nguo imetundikwa mlangoni, imepigwa kwa simu, nusu yake iko kwenye kivuli cha mtu. Huyo ana njaa ya picha. Mwendee kwa adabu, salimia vizuri, usianze na kamera shingoni. Mwambie akuazime nguo tatu kwa siku moja, wewe utampa picha kumi safi, pesa haitoki kwa yeyote. Modo naye anatoa siku yake, anapata picha za kujitafutia kazi. Wa mekapu vivyo hivyo. Nauli na chakula cha mchana ni juu yako, hapo usijifanye hujui.

Makubaliano yaandikwe. Karatasi moja inatosha: nani anapata picha ngapi, lini, na zitawekwa wapi. Uganda tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na sura ya mtu ni habari zake binafsi, huwezi kuitumia unavyotaka eti kwa sababu kamera ni yako. Kama modo hajafikisha miaka 18, anayetia sahihi ni mzazi au mlezi. Na mimi nataka mzazi aje na miguu yake akae hapa tukipiga. "Mama amesema sawa" kwenye simu sikubali.

Kamera napita haraka. Yoyote uliyonayo. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, yaani tundu linalofunguka sana, ndiyo nafuu na inafanya kazi, piga faili ghafi (RAW), chaji betri usiku. Mwenye simu, rudi nyuma hatua kadhaa utumie lenzi ya kukuza mara mbili. Ukimsogelea modo na ile lenzi pana huku umesimama, kichwa kinakuwa kikubwa na miguu inafupika, na nguo ya fundi inapoteza umbo lote.

Saa ya kupiga. Kwetu hapa karibu na ikweta, jua linachomoza karibu na saa moja asubuhi na kuzama karibu na saa moja jioni, mwaka mzima ni hivyo. Saa sita mchana liko utosini na macho ya modo yanageuka mashimo. Mimi hupiga asubuhi mpaka saa tatu, kisha kuanzia saa kumi na nusu. Ila jua letu hushuka wima. Ule mwanga wa dhahabu mnaouona kwenye picha za Ulaya, unaokaa na kukaa, hapa haukai. Nguo ya jioni iwe imeshavaliwa, imeshafungwa, modo amesimama mahali pake kabla mwanga haujafika.

Katikati ya mchana tumia baraza. Hili la Hajati linatosha kabisa. Modo asimame kwenye ukingo wa kivuli, uso ukiangalia uani. Dada, sogea mbele kidogo… hapo. Umeona macho yalivyoamka? Akirudi ndani hatua mbili anazima.

Sasa nisikilizeni. Kama unatazama hii video huku unapika, acha kupika.

Tazama chini. Udongo mwekundu. Jua linapiga udongo, udongo unarudisha mwanga juu, na mwanga huo umeshakuwa mwekundu. Unatua wapi? Chini ya kidevu, shingoni, upande wa ndani wa mikono, na kwenye kila pindo la nguo linaloangalia chini. Kwenye kioo kidogo cha kamera huoni. Ukifika nyumbani ukafungua kompyuta, shingo ina rangi ya tofali na paji la uso ni la mtu mwingine. Na huwezi kuirekebisha kirahisi, kwa sababu ukiondoa wekundu shingoni unaondoa na kwenye gomesi, lile gauni refu la kina mama wa Uganda. Majani nayo ni hivyo hivyo, ila yenyewe yanatupa kijani, na kijani chini ya kidevu ni kibaya zaidi.

Dawa yake ni shuka jeupe. Si krimu, si la maua, jeupe. Litandaze mbele ya miguu ya modo, nje ya fremu, mita mbili kwa mbili hivi, kwenye sehemu inayopigwa na jua. Tazama shingo yake sasa nikiliondoa… na nikilirudisha. Mmeona? Ngoja, sogeza kamera. Mmeona? Hiyo ndiyo shughuli nzima.

Halafu uangalie shuka lenyewe, kwa sababu kama mnavyoona… shii! Toka! Hajati, kuku wako! Basi. Ameshapita katikati na miguu ya udongo. Linyanyue, kung'uta, geuza upande wa pili. Hivi ndivyo maisha yalivyo Bombo. Wanaotaka kitu kigumu kuliko shuka, nauza rifleta za kukunja, vile vibao vya kurudisha mwanga, nyeupe upande mmoja na fedha upande mwingine, elfu thelathini na tano, nazituma kwa teksi mpaka Arua na Busia. Upande wa fedha usimwelekeze modo usoni mchana, atalia machozi na mekapu itashuka nayo.

Lakini hata ukiwa na rifleta, shuka la chini liwepo. Nimesema. Shingo kwanza, halafu mengine.

Tuingie kwenye nguo. Hajati ametupa gomesi la satini ya zambarau. Gomesi ni mtihani mzuri kwa anayeanza kwa sababu lina mambo mengi: mabega yaliyochongoka, vifungo viwili upande wa kushoto wa kifua, na ule mshipi mpana wa kiunoni, kitambaala, unaofungwa juu ya nyonga. Ndani kuna kikoi ili kitambaa kisinate mwilini. Usiruke kikoi eti hakionekani. Bila kikoi satini inashika mapaja na umbo lote linaanguka, na Hajati ataniita pembeni.

Mabega: yachomoze kwa vidole viwili kutoka ndani, usiyavute kwa nje, utaacha alama ya vidole kwenye satini. Mshipi: ncha zote mbili zianguke mbele, zilingane au moja izidi kwa kukusudia. Zikipishana kidogo tu macho yataganda hapo. Kabla ya kila picha mimi hutembeza macho kuanzia begani kwenda chini: bega, bega, kifungo, mshipi, ncha, pindo. Halafu shingo. Nimerudi kwenye shingo, eeh. Shuka limesogea kwa upepo, nani amelisogeza? Jiwe kila pembe.

Mipangilio yangu leo ni f/4, shata 1/250 ya sekunde. Mnapenda f/1.8 kwa sababu nyuma inayeyuka, lakini nguo nayo inayeyuka. Jicho kali, ncha ya mshipi ukungu. Fundi atakuuliza mshipi wake umekwenda wapi. Rangi ya mwanga usiiachie kamera iamue yenyewe, maana kila modo akigeuka itabadilisha mawazo na zambarau itakuwa za aina tano. Jua la asubuhi weka Kelvin, kile kipimo cha rangi ya mwanga, kwenye 5500 uendelee nayo. Ukiingia kivulini panda, 6500 au zaidi kidogo.

Piga magoti. Kamera iwe usawa wa kiuno chake kwa picha ya mwili mzima. Mbele, ubavu, mgongo. Mgongo mnausahau sana. Kisha karibu: bega peke yake, fundo la mshipi, vifungo. Kisha mwendo. Dada, tembea kuja kwangu, shika pindo kwa mkono mmoja, usinitazame… tena… tena. Hiyo! Pindo limepanda na kikoi kimeonekana kidogo. Hiyo naipenda kuliko zote, ingawa Hajati anatikisa kichwa.

Kaka mmoja amejitokeza na kanzu yake, na koti juu. Vizuri, maana hili nililitaka. Kanzu nyeupe ikijaza fremu kamera inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa mwenye kanzu unazama gizani. Ongeza mwangaza taratibu huku ukitazama histogramu, ile grafu ya mwangaza kwenye kioo cha kamera, usimame pale weupe unapokaribia kugonga ukuta wa kulia. Kinyume chake ni ngozi nyeusi mbele ya mlango wa giza: kamera inaongeza mwanga kupita kiasi na ngozi inatoka ya kijivu kama haijapakwa mafuta. Hapo punguza. Ngozi yetu ina mng'ao wake, uache ukae kwenye mashavu.

Samahani, sauti imepotea hapo kidogo. Boda ya matangazo ilipita na spika, tumekata. Nilikuwa nazungumzia mawazo ya picha za potifolio.

Siku moja ya gomesi si potifolio. Nataka uwe na hadithi tatu, yaani seti tatu za picha, zisizofanana. Ya kwanza safi: ukuta mmoja, nguo, mwanga laini. Ya pili ina mahali na mwendo, kama hii ya leo. Ya tatu uchokoze kidogo. Mbunifu Bobby Kolade wa lebo ya BUZIGAHILL pale Kampala alianza mwaka 2022 mkusanyiko wa Return to Sender: mitumba inachanwa, inashonwa upya, inauzwa kule kule ilikotoka. Nguo ya namna hiyo tayari ina maneno mdomoni, wewe unaipa mahali pa kusimama tu. Nenda soko la Owino na fundi kijana, nunueni mivumba, yaani hiyo mitumba, ya bei ndogo, mwache akate, wewe piga.

Kila hadithi itoe picha nne au tano. Jumla kumi na mbili, kumi na tano ukizidi sana. Najua umepiga mia tatu. Zile pacha, ambazo tofauti ni kidole kimoja, moja inabaki. Na za kwanjula, sherehe ya bibi harusi kumtambulisha mchumba kwao, ziondoke. Nasema kwa upendo. Gomesi liko, kanzu iko, lakini mle ndani umemfuata shangazi na mahema na kreti za soda, na mwenye lebo ya nguo hawezi kujua kama unajua kupanga picha au ulibahatika. Zifungulie ukurasa wake, zinaleta pesa ya kodi, sizidharau. Ila zisikae humu.

Kuchagua usichague peke yako. Mpe fundi. Hajati hajawahi kushika kamera lakini ananiambia, "Hii mshono umelala, hii hapana," na ndiyo hiyo hiyo mteja angeikataa. Picha kali kuliko zote iwe ya kwanza, inayoifuata kwa ukali iwe ya mwisho.

Kuhariri: toa chunusi, acha vinyweleo vya ngozi. Rangi ya nguo usiiguse kwa mapenzi yako. Shikilia kipande cha kitambaa kando ya kompyuta, mchana, ulinganishe. Mteja akiagiza zambarau ya picha akaletewa zambarau ya dukani, anayegombezwa ni fundi, na fundi hatakuazima nguo tena.

Faili la kutuma liwe dogo, megabaiti kumi zisizidi, watu wananunua bando kwa pesa yao. Chini ya kila hadithi andika majina yote: fundi, modo, mekapu. Ukitaka nakala ya karatasi, Nasser Road watakuchapia, lakini omba waprinti ukurasa mmoja wa majaribio kwanza, na uchague karatasi isiyong'aa, satini inang'aa yenyewe inatosha.

Kadi ya kamera usiifute mpaka picha ziko sehemu mbili. Mpe fundi zake ndani ya wiki mliyokubaliana, hata kama hujamaliza hadithi nyingine, kwa sababu utarudi kuomba.

Rifleta zimebaki chache, namba iko hapo chini. Hajati naye anapokea oda za gomesi, lakini msipige simu saa hizi, mnamsikia bado yuko kwenye cherehani. Dada, vua mshipi taratibu, kunja, usiuburute kwenye… kuku tena!