Anza na Sehemu C: Kuusoma Utabiri wa Jua Ukiwa Mwanza

(Mhadhara kwa manahodha, wapima ardhi na wanafunzi, Mwanza)

Wazee wetu, shikamooni. Vijana, habari za mchana. Mwenyekiti kanibana muda, basi naingia moja kwa moja.

Kituo cha Marekani kilichoko Boulder, Colorado, hutoa utabiri wa siku tatu wa hali ya jua mara mbili kila siku: saa 9:30 usiku na saa 9:30 alasiri kwa saa zetu. Ni bure, mwenye simu anausoma. Una sehemu tatu: A ni dhoruba za sumaku, B ni mionzi, C ni kukatika kwa redio. Wengi wakishaufungua hukodolea macho A, wakitafuta namba ya Kp, kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia, cha 0 hadi 9. Sisi wa ziwani tuanze na C.

Sisemi A haina maana. Machi 1989 dhoruba iliangusha gridi ya umeme ya Quebec, Kanada, watu milioni 6 wakakaa gizani kwa saa 9 hivi. Mei 2024 ilifika G5, daraja la juu kabisa, na matrekta ya Marekani yanayoongozwa na GPS yakasimama katikati ya msimu wa kupanda. Lakini Quebec iko karibu na ncha ya sumaku. Sisi tuko mbali nayo.

C inahusu milipuko ya jua. Eksirei zake hufika kwa dakika 8 na ushei, kwa mwendo wa mwanga wenyewe, kwa hiyo hakuna wa kutangulia kutuonya. Ndiyo maana wanaandika asilimia tu. Zikifika, tabaka la chini la ionosfia, yaani hewa ya juu sana yenye chembe za umeme, humeza mawimbi ya redio za masafa mafupi. Humeza upande wenye mchana peke yake, na zaidi pale jua lilipo utosini. Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini ya ikweta. Karibu saa 7 mchana, katikati ya Machi, utosini ni hapa! Mlipuko wa wastani, M1, huandikwa R1 kwenye ngazi ya kukatika kwa redio; mkubwa, X1, huandikwa R3. Redio za VHF za kwenye meli na simu za mkononi haziguswi sana, msihofu.

Sasa lile ambalo utabiri huo haukuwekei hata mstari. Jua likishazama, ionosfia juu ya ikweta ya sumaku, mstari ambapo sumaku ya dunia hulala mlalo, unaopita kaskazini yetu huko Ethiopia, hupanda na kutoboka mapovu. Mapovu hayo hutanuka kufuata mistari ya sumaku hadi kwetu, na ishara ya setilaiti ikipita humo hutetemeka. Yanapenda saa 2 usiku hadi karibu na saa 6, hasa Machi-Aprili na Septemba-Oktoba, katika miaka ya madoa mengi ya jua. Kp inaweza kuwa 1 na bado yakaja.

Mvuvi wa dagaa anayerudia alama aliyoiweka kwenye simu anaweza asigundue chochote. Mita chache si kitu ziwani. Mwenye kifaa cha kupima kwa sentimita ndiye atakayeona setilaiti zikidondoka kwenye skrini moja moja. Huyo namshauri kazi ya mipaka aimalize kabla ya magharibi, na akilazimika kupima usiku, arudie vipimo vile vile asubuhi kabla hajasaini ramani.