Glavu ya gofu: inadumu muda gani, na nini kinaimaliza

Karibuni. Mezani hapa nina glavu mbili, zote za mkono wa kushoto kwa sababu napigia kulia. Hii moja ni ya ngozi na imechoka vibaya. Hii nyingine ni ya sintetiki, bado inajikongoja. Chukua ya kwako uliyonayo kwenye begi, kaa mahali penye mwanga mzuri, twende pamoja.

Kwanza tumalize lile swali la miezi. Watu huuliza, "Glavu inakaa miezi mingapi?" Ukiuliza hivyo hupati jibu la maana. Hesabu mikwaju. Chukua raundi ya mashimo 18 kwenye uwanja ambao kiwango chake ni mikwaju 72. Kwa hesabu ya uwanja wenyewe, 36 kati ya hiyo ni ya kuusukuma mpira kwenye grini, lile eneo la nyasi fupi lenye shimo, na hapo wengi wetu tumeshavua glavu. Kwa hiyo hata mtu anayemaliza na 95 anaipigia glavu yake mikwaju kama 60 hivi, na imetawanyika kwenye saa nne. Sasa nenda uwanja wa mazoezi, nunua ndoo ya mipira 100. Ni mikwaju 100 mfululizo, glavu haijavuliwa, jasho halijakauka. Ndoo moja imekula zaidi ya raundi nzima. Ndiyo maana mtu anakuapia kuwa amecheza mara tano tu na glavu imetoboka: amesahau kuhesabu ndoo.

Kwa makadirio ya kawaida ya wachezaji, glavu ya ngozi ya kabreta, ile laini inayotokana na kondoo wa manyoya mafupi wasio na sufu, huanza kuchoka kati ya raundi 10 na 20. Ya sintetiki inavumilia zaidi, raundi 20 hadi 30 si jambo la ajabu, ila haikupi ule mguso wa mpini vidoleni. Mimi kwa mashindano navaa ngozi, mazoezini sintetiki. Sioni haja ya kuchoma ngozi nzuri kwenye ndoo za mipira.

Hatua ya kwanza: geuza kiganja cha glavu kikutazame. Nasogeza kamera. Unaona hapa chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo, karibu na kifundo? Ngozi imekuwa nyeusi, inang'aa, na katikati pana kitundu cha ukubwa wa punje ya dengu. Hapa ndipo glavu nyingi hufia, na sababu karibu kila mara ni mshiko. Ama fimbo imelala kiganjani badala ya kukaa kwenye mizizi ya vidole, ama umeishika mwishoni kabisa hadi kitako cha mpini kinachimba nyama ya kiganja. Kila ukipiga, mpini unasaga hapo.

Jaribu hivi. Shika fimbo kwa mkono wa glavu pekee, uache mpini utokeze kidogo nje ya kiganja, kama upana wa kidole. Mpini upite kwenye vidole, halafu ile nyama ya chini ya kiganja ikae juu yake. Sasa tikisa fimbo. Ikizunguka ndani ya mkono, bado hujaipata. Vidole vitatu vya mwisho ndivyo vinavyoshika, vingine vinasaidia.

Hatua ya pili, kidole gumba. Glavu yangu imechakaa upande wa chini wa gumba, pale panapolalia mpini. Hiyo ni alama kwamba fimbo inasogea mkononi ukiwa umeiinua juu, kabla ya kuishusha kwenye mpira: mkono unafunguka kidogo, kisha unashika upya. Kama yako imechakaa juu ya gumba, upande wa kucha, mtuhumiwa ni mkono wako mwingine, maana kiganja chake ndicho kinachofunika gumba hilo. Hapo unasugua mkono kwa mkono. Kama glavu imeisha sawasawa kila mahali, hongera, mshiko wako ni mzuri na glavu imezeeka tu.

Hatua ya tatu wengi huiruka: kagua mipini. Pitisha kidole juu ya raba. Ikiwa imekuwa ngumu na laini kama kioo, fimbo inateleza, wewe unakaza, na ngozi ndiyo inayolipa. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, isugue kwa brashi laini, ikaushe. Ikibaki inateleza baada ya hapo, mpini umekwisha, ubadilishe. Kuna pia ile mipini yenye nyuzi ndani ya raba, mizuri kwa mikono ya jasho, lakini inakwangua ngozi haraka. Ukiitumia, jua glavu zitaisha mapema.

Hatua ya nne, saizi. Vaa glavu. Ncha za vidole zisiwe na nafasi tupu, na kiganjani kusiwe na mikunjo, kwa sababu kila mkunjo ni mahali pa msuguano. Velkro ifunge kama robo tatu ya njia. Glavu mpya ikifunga hadi mwisho kabisa ni kubwa, na ngozi ikishalegea kidogo huna tena pa kuikaza. Wakati wa kuvaa, ingiza vidole vinne kwanza, vikae vizuri, ndipo gumba. Usiivute kwa kile kipande cha velkro, hapo ndipo mshono unapoachia. Na wakati wa kuvua, legeza velkro, kisha legeza kila kidole kidogo kidogo. Kuing'oa kwa kuvuta ncha ya kidole kimoja ni kuichana polepole.

Hatua ya tano, na hii ndiyo inayookoa glavu kuliko zote: jasho. Angalia hapa kwenye kifundo, huu mstari mweupe ni chumvi. Jasho linapokauka ndani ya ngozi, chumvi inabaki, ngozi inakakamaa, na siku ya pili unapofunga ngumi inapasuka kwenye mikunjo. Kwa hiyo vua glavu ukifika grini, itundike kwenye begi ipigwe na upepo. Beba mbili au tatu ubadilishe katikati ya raundi. Ukimaliza, inyooshe kwa mkono iwe bapa, ikauke kivulini, kisha irudi kwenye pakiti yake. Kuifinyanga na kuitupa mfukoni ikiwa mbichi, au kuiacha juu ya dashibodi ya gari juani, ni kuiua. Mafuta ya kujikinga na jua nayo yapake kabla, ufute viganja, ndipo uvae.

Kuosha: ya sintetiki unaweza kuiosha kwa mkono kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Ya ngozi ifute tu kwa kitambaa chenye unyevu. Mashine ya kufulia isahau kabisa.

Sasa, ni lini uistaafishe? Usingoje itoboke. Kiganja kikishang'aa na kuteleza, au vidole vikibaki vimekakamaa hata baada ya kuvikandakanda, kazi yake uwanjani imekwisha. Andika herufi M kwa kalamu kwenye kifundo, upande wa ndani, iwe ya mazoezi. Ila ikianza kuteleza hata mazoezini, iweke kwenye taka, maana utazoea kukaza mikono ili kuizuia fimbo, na mazoea hayo utaenda nayo uwanjani ukiwa umevaa glavu mpya.