"Get": tazama neno linalofuata

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo kaka Baraka tunaye "get", neno ambalo wengi tulikaririshwa kwamba maana yake ni kupata, basi.

BARAKA: Na hapo ndipo watu hukwama, dada Rehema. Kwa kuwa sisi hupata ajali, mtu husema "I got an accident". Kiingereza husema "I had an accident". Usihangaike na "get" yenyewe, tazama kinachoifuata. Ikifuatwa na nomino, ni kupata, au kwenda kuchukua: "get some bread", kalete mkate. Ikifuatwa na kivumishi…

REHEMA: Kama "get tired".

BARAKA: Ehee. Hapo Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja tu: "get tired" ni kuchoka, "get wet" kulowa, "get old" kuzeeka, "get lost" kupotea. Pakifuata mahali, ni kufika: "We got to Mombasa at six", tulifika saa kumi na mbili. Ila "get home", "get here" na "get there" hazitaki "to".

REHEMA: Sasa nimepeleka simu kwa fundi, ikatengenezwa. Nasemaje?

BARAKA: "I got my phone fixed." Simu kwanza, ndipo "fixed". Wengi husema "I got fixed my phone", maana kwetu kitenzi hutangulia: nilitengenezewa simu. Sikiliza ile "-ewa" ya mwisho, inayoonyesha kwamba kazi umefanyiwa na mwingine. Hiyo ndiyo kazi ya "get" hapa. Ukisema "I fixed my phone", fundi ni wewe mwenyewe. Vivyo hivyo, "I got my hair cut", nimenyolewa.

REHEMA: Na kupanda gari je? Kuna "get in" na "get on".

BARAKA: Teksi au gari dogo, "get in"; ukishuka, "get out". Basi, treni na ndege ni "get on" na "get off". Chombo ambacho abiria husimama na kutembea ndani, kwa kawaida ni "on". Daladala nayo ni basi, hata kama umesimama umeinama. Bodaboda pia ni "on", kwa sababu unakaa juu yake.

REHEMA: "Gotten" ni sahihi?

BARAKA: Sahihi kabisa, Marekani. Tena wao hutofautisha: "I've got a car", ninalo gari, "I've gotten a car", nimelipata. "I've got to go", lazima niende. "I've gotten to go", nimepata nafasi ya kwenda. Shule za Tanzania na Kenya hufuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo kwenye mtihani andika "got".

REHEMA: Tumalizie na "get along".

BARAKA: Kupatana. Hapo ile "pata" ya darasani imerudi kihalali. Lakini "get over" ni kupona, na "get by" ni kujikimu. Hizo zikariri nzimanzima, usizikate vipande.