Nguzo Nyeupe za Helsinki: Jibu kwa Wanaoniuliza Bei

Ndugu zangu watazamaji, habari za huko nyumbani. Swali moja limenijia mara nyingi mno, hata nimeona nilitolee video yake: "Fundi, hizo nguzo nyeupe nyuma yako ni za marumaru, na mtu akitaka kuzijenga kwake zitamgharimu kiasi gani?" Wengine wameongeza kwamba nasimama mbele ya kanisa hili la hapa Helsinki, Ufini, kwa makusudi, ili nionekane nimeukata. Nasimama hapa kwa sababu uwanja huu hauna kiingilio, na kwa sababu kabla ya kusafiri nilikuwa fundi lipu Morogoro kwa miaka 14, kwa hiyo jengo hili nalitazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake.

Nguzo hizi si za marumaru. Kanisa Kuu la Helsinki limejengwa kwa matofali, likapigwa lipu, kisha likapakwa rangi nyeupe. Yale majengo mawili ya rangi ya manjano yanayotazamana pembeni mwa uwanja, la Serikali lililokamilika mwaka 1822 na la Chuo Kikuu lililokamilika mwaka 1832, nayo ni matofali na lipu vilevile.

Ili tuelewane, lazima nieleze mji huu ulikuwa na hali gani. Mwaka 1809 Urusi iliitwaa Ufini kutoka Uswidi, na mwaka 1812 Kaisari Alexander I akaamua kwamba makao makuu yatoke Turku yahamie Helsinki, mji mdogo wa nyumba za mbao ambao sehemu yake kubwa ilikuwa imeteketea kwa moto mwaka 1808. Johan Albrecht Ehrenström akachora mpango wa mitaa, na mwaka 1816 akateuliwa msanifu Carl Ludvig Engel, mzaliwa wa Berlin, ayasimamishe majengo yenyewe. Huo ulikuwa wakati ambapo Ulaya nzima ilikuwa ikirudia mahekalu ya Wagiriki na Warumi: nguzo zilizopangwa kwa hesabu, pembetatu ya paa juu yake, na kuta pana zilizoachwa bila mapambo. Kwa mji uliopewa cheo kabla haujapata sura, sioni mtindo ambao ungefaa zaidi, maana heshima yake hutokana na uwiano wa vipimo, na uwiano fundi makini anaweza kuupata hata kwa tofali.

Ujenzi wa kanisa ulianza mwaka 1830. Ramani yake ni msalaba wenye mikono minne iliyo sawa, na kila mkono una nguzo 6 za mtindo wa Korintho, zile zenye majani kichwani. Engel alifariki mwaka 1840 kabla ya kazi kwisha, na kanisa likakamilika mwaka 1852 chini ya msanifu Ernst Lohrmann, aliyeongeza kuba ndogo 4 kuizunguka ile kubwa, pamoja na sanamu 12 za mitume, za zinki, juu ya paa. Kwa maoni yangu kuba moja ingetosha; hizo ndogo zinalipunguzia jengo utulivu aliokuwa ameukusudia Engel.

Gharama yenyewe haikwishi siku ya kukabidhi jengo. Mwezi wa Aprili, barafu ilipokuwa ikiyeyuka, niliinama penye kitako cha nguzo ya jengo moja la zamani karibu na ninapoishi, nikaona lipu imefura kama chapati iliyo juu ya moto. Niliigonga kwa kidole, ikalia debe. Maji huingia kwenye ufa usiozidi unene wa uzi, yakiganda yanatanuka, na lipu inaachana na tofali. Lipu ya chokaa huruhusu unyevu utoke. Ukiiziba kwa saruji ngumu, unyevu unabaki ndani na tofali linaanza kuoza. Wanaotoka pwani hawahitaji maelezo zaidi juu ya chokaa.

Kazi hiyo ya kutengeneza lipu naiweza, lakini siruhusiwi kuigusa, na naomba msichukulie kwamba nalalamika. Cheti changu cha ufundi kilitakiwa kitafsiriwe na mtafsiri aliyeidhinishwa, nikalipa euro 380, nikasubiri miezi mitano, kisha bahasha ikarudishwa kwa sababu nakala ya ukurasa wa pili haikuwa na mhuri. Nilipopeleka yenye mhuri, nikaambiwa tafsiri imeshapitwa na muda, nianze upya. Hadi leo nasafisha ofisi usiku, na asubuhi napita chini ya nguzo zinazobanduka huku mikono ikiniwasha kushika mwiko. Hilo linaniuma kuliko baridi. Mwenzangu mmoja karatasi zake zilipita kwa wiki sita, kwa hiyo yaliyonipata mimi msiyafanye kipimo cha safari zenu.

Sasa bei. Siwezi kuitaja, kwa kuwa inategemea udongo wako, fundi wako na mfuko wako, na ninayosema hapa ni yangu binafsi. Ila kama ningekuwa najenga baraza Morogoro, nisingenunua zile nguzo za kumimina zenye unene mmoja kuanzia chini hadi juu. Kwa kanuni ya kale, nguzo ya Korintho huwa na urefu wa takriban mara 10 ya kipenyo cha chini yake, na hupungua unene taratibu kadiri inavyopanda. Ukikosea hapo, itaonekana kama bomba hata ungeipaka rangi ya dhahabu. Kama nguzo ya baraza lako ina urefu wa mita 3 kwenda juu, kipenyo chake chini ni sentimita 30 tu. Mpe fundi kipimo hicho kwa maandishi, umwombe akate kwanza kigezo cha mbao cha umbo la nguzo, na akishapiga lipu apitishe kigezo hicho kuizunguka nguzo yote kabla lipu haijakauka.